Msaidizi wa Kila Mtu: Jinsi ya Kuacha Kubeba Yasiyo Yako

Kwenye Enigramu, ule mfumo wa aina 9 za hulka, namba 2 ndiye Msaidizi. Hulka si ugonjwa, na hata huu utegemezi wa kutaka kuhitajiwa haumo kwenye orodha rasmi za maradhi ya akili. Lakini mtu aliyenaswa nao utamjua: shemeji hajamaliza kueleza shida, yeye keshafungua M-Pesa.

Usianze kwa kukataa. Anza na daftari, wiki 2. Kila ulichotoa, iwe pesa, muda au chakula, andika nani aliomba, aliomba nini hasa, na wewe ulikosa nini. Hapo kwenye "nani aliomba" ndipo panapouma, maana mara nyingi hakuna aliyeomba.

Kisha chelewesha. Ombi la pesa lisilo la hospitali lijibiwe kesho: "Nimekusikia, nitakwambia asubuhi." Mwanzo wa mwezi tenga fungu la jamaa, tuseme shilingi 3,000, michango ya harusi na matanga ikiwa humo humo. Likiisha limeisha. Usiliongeze kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Huko ni kukopa ili uonekane mwema, na ada zake zitakuandama wewe.

Kukataa kuwe kufupi: "Mwezi huu sina, kaka. Jumamosi nitakuja tukae tupange." Ukianza kutaja karo, kodi na gesi, kila sababu ataipatia jibu, na mwisho utatoa nusu.

Baada ya hapo maombi huzidi badala ya kupungua, na wengi huanguka hapa. Mama ataambiwa. Utasikia siku hizi una maringo. Ukilegea siku hiyo, umemfunza mwombaji kwamba kelele zikizidi utatoa, na safari ijayo ataanzia kwenye kelele.

Kwa ndugu anayetumia unga, yaani heroini, gharamia matibabu, usigharamie madhara. Nauli ya kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, ni sawa, kwa kuwa dozi kwa kawaida hunywewa pale pale mbele ya mhudumu, siku baada ya siku. Ila nauli ishikwe na anayemsindikiza. Deni la maskani, simu aliyoweka rehani, kumdanganyia bosi wake kwamba ana malaria: hayo mwachie mwenyewe. Akizimia au pumzi ikipungua, mkimbize hospitali, mipaka itangoja. Ushauri wa uraibu hupatikana NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa simu 1192, bila malipo. Na kama unayeishi naye hupiga, usimwekee mipaka ukiwa peke yako. Piga kwanza 1195, simu ya Kenya ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia.

Zoezi gumu kuliko yote kwa namba 2 ni kupokea. Kila wiki omba kitu kimoja kidogo: jirani anayekwenda soko la Kongowea akuletee nazi mbili, au dadako akukalie na watoto saa moja. Sema ahsante, basi. Jirani akikuletea mahamri, sahani yake irudi imeoshwa, tupu.