Kabla hujanunua sahani za mgahawa, zimwagie mchuzi

Ijumaa moja baada ya swala, mzee mmoja aliingia mgahawani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, kanzu nyeupe imepigwa pasi ikakaza. Akaagiza wali wa nazi na changu wa mchuzi. Wiki hiyo nilikuwa nimeanza kutumia sahani mpya, nyeusi, zisizong'aa, bapa kama kifuniko cha sufuria. Nilizifuata Kariakoo kwa sababu nilizipenda kwenye simu. Alipomega tonge la pili, mchuzi ukakimbilia ukingoni, na ukingo wenyewe haupo. Mkono wa kanzu ukanywa bizari. Hakusema neno. Alimaliza, akalipa, akatoka, na hajarudi.

Basi nikueleze ninavyochagua vyombo sasa, wewe unayetaka kufungua sehemu yako au kubadilisha vyombo vilivyochoka.

Mtindo unaopendwa siku hizi ni sahani zinazoonekana kama zimetoka mkononi mwa mfinyanzi: rangi za mchanga, udongo na bahari, madoadoa, rangi iliyochuruzika ndani ya tanuri kiasi kwamba hakuna mbili zinazofanana. Nyingi ni za kiwandani vilevile, na huko kupinda kwa ukingo kumepangwa na mashine. Sina ugomvi nazo. Samaki wa kupaka juu ya sahani ya rangi ya bahari anapendeza mno, ile nazi nyeupe inajitokeza yenyewe. Ila pweza ukimweka kwenye sahani nyeusi, mteja atamtafuta kwa tochi. Kwa biriani bado sijaona kinachoishinda nyeupe.

Rangi lakini ni jambo la pili. Kwanza umbo. Tafuta ile iliyo nusu sahani nusu bakuli, upana kama sentimita 24, ukuta wake sentimita tatu au nne. Hoteli kubwa zinaipenda kwa sababu chakula kinakaa katikati na picha inatoka vizuri. Mimi naipenda kwa sababu anayekula kwa mkono anahitaji ukuta wa kusukumia tonge, na mchuzi unahitaji mahali pa kutulia.

Ukishaipata, usinunue boksi. Nunua mbili, nenda nazo nyumbani. Moja imwagie mchuzi wa bizari uliokamuliwa ndimu, uiache mpaka asubuhi. Ukiosha ikabaki na kivuli cha manjano, hiyo inanyonya, na ndani ya mwezi zako zote zitakuwa na homa ya manjano. Ya pili ikwaruze kwa kisu cha mezani, kwa nguvu ya mtu anayekata kuku wa kuchoma. Sahani zisizong'aa hutoa mistari ya kijivu. Mara nyingi huo si mkwaruzo, ni chuma cha kisu kilichobaki juu ya uso wenye chembechembe. Bekingi soda iliyolowanishwa kidogo huutoa, lakini nani atasugua sahani 60 kila usiku? Binti anayeosha vyombo kwangu aliniuliza swali hilo mbele ya wateja.

Kisha igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, imechomwa vizuri. Ikitoa sauti ya boga, irudishe. Igeuze pia upapase kitako chake: kikiwa na ukali kitaikwangua iliyo chini yake kila mnapozipanga. Na dukani mwambie muuzaji azipandanishe 12. Hizi zenye mapindo mapindo zikifika nane huanza kuyumba kama mlevi, na rafu zetu za jikoni mnazijua.

Vijiko sasa. Hewa ya bahari ya Tanga haina huruma na chuma. Ukiona nyuma ya kijiko pameandikwa 18/10, maana yake ni asilimia 18 kromiamu na 10 nikeli, na hicho kinavumilia chumvi. 18/0 hakina nikeli, hupata vidoa vya kutu mapema. Wengi hutembea na sumaku: ikinasa kwa nguvu, nikeli hakuna. Ni kweli, lakini sumaku si hakimu wa mwisho, kwa sababu kuna chuma cha bei rahisi kisichonasa na bado kinashika kutu. Wala usiitumie kupimia visu, maana visu vingi vizuri vinanasa, hutengenezwa kwa chuma kigumu zaidi ili vishike makali. Mimi hulaza kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya chumvi na ndimu usiku kucha. Asubuhi kinasema chenyewe.

Vya dhahabu na vyeusi vinatamba sana kwenye maharusi. Nunua ukipenda, ila stilwaya ipige marufuku jikoni siku hiyohiyo.

Mbao na vipande vya mawe vya kuandalia chakula, hapana. Chakula chetu kina mchuzi.

Kitu kingine kilichorudi ni kula pamoja, chombo kikubwa katikati ya meza. Watu wanakiita kipya, na sisi tuna sinia tangu zamani! Biriani ya watu wanne naiandaa kwenye kombe pana la kauri, nafunika kwa kawa la ukili. Likifunuliwa mezani, ule mvuke wa zafarani ukapanda, simu zote zinatoka mifukoni. Kawa silinunui mjini, nalifuata kwa wasukaji wenyewe, na chini ya kombe naweka kitanga cha mkonge kisichoteleza. Vyombo vizuri Waswahili tulivijua mapema. Nenda Tongoni, njia ya Pangani, utaona kwenye nguzo za makaburi matundu ya mviringo yalipokuwa yamepachikwa mabakuli ya kauri yaliyovuka bahari. Walivipa vyombo heshima hata kaburini.

Idadi: nina viti 32 na sahani kubwa 70, kwa kuwa saa saba mchana wateja wa kwanza hawajamaliza na wa pili wameshakaa. Ukinunua, ongeza kumi za akiba na uzifungie, kwa maana mwakani aina hiyo hutaiona tena dukani. Iliyobanduka ukingo isirudi mezani hata siku moja. Kwangu huenda uani, kuku wanywee maji.

Zile nyeusi zimebaki 22. Nawekea kachori na chatne ya nazi, vitu vikavu vikavu, na hapo zinapendeza kweli.