Somo: Kula vya kutosha kuinua vyuma, kwa chakula cha Kibuye na cha ziwani

Kila wiki swali ni lile lile: "Niko jimu mwezi wa nne, mwili haubadiliki, ninunue poda gani ya protini?" Nimelijibu mara nyingi hadi nimechoka, kwa hivyo leo naliandika lote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Wengi wanaoinua vyuma hapa Kisumu hawajakosa poda, wamekosa chakula. Asubuhi chai na mandazi mawili, mchana chipsi au njaa tu, kisha mlima wa ugali saa tatu usiku. Chakula cha kujenga mwili kimejaa soko la Kibuye na ufuo wa Dunga, na kazi yako ni kukila kwa kipimo, kila siku, hata siku za mapumziko.

Hatua ya 1. Jipime uzito asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya chai. Andika.

Hatua ya 2. Piga hesabu. Protini ni kilo zako mara 1.6, na jibu ni gramu za siku nzima. Kalori ni kilo zako mara 40 kama unataka kuongezeka, mara 30 kama una kitambi cha kupunguza. Mwenye kilo 70 anayetaka kuongezeka atahitaji protini gramu 112 na kalori kama 2,800. Hizo ni namba za kuanzia, mizani itakuja kuzisahihisha.

Hatua ya 3. Pima chakula kikiwa kikavu au kibichi, kabla hakijaingia kwenye sufuria. Hapa niliwahi kukosea kwa muda mrefu, na naona wengi wanakosea vivyo hivyo, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo. Maharagwe makavu gramu 100 yana protini kama gramu 22. Ukiyachemsha yanakunywa maji na kufika gramu 240 au 250, lakini protini haijaongezeka hata chembe. Ina maana gramu 100 za maharagwe yaliyoiva zina protini 8 au 9 tu. Mtu anasoma namba ya makavu, anapima yaliyoiva gramu 200, anaandika gramu 44 kwenye daftari na tumboni zimeingia 18. Ukikosea hivyo mchana na usiku, kila siku unakosa protini ya karibu nusu ya lengo lako, na daftari linakuambia uko sawa.

Wali ni hivyo hivyo: mchele gramu 100 unatoa wali kama gramu 280. Nyama inakwenda kinyume, inapungua. Gramu 100 mbichi hubaki 70 hadi 75 zikiiva. Ngege (tilapia) mzima wa nusu kilo, ukitoa kichwa, mifupa na matumbo, nyama yake haifiki nusu ya uzito huo, kwa hivyo hesabu protini kama gramu 40, usihesabu 100. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kutolewa, ni supu nzuri, lakini usiuandike kama mlo wa protini, umejaa mfupa.

Ugali wa sufuria ya familia unapimika hivi. Pima unga unaoingia, tuseme gramu 600. Ukiiva, pima ugali wote, tuseme gramu 1,800. Sahani yako ikiwa gramu 450, umekula robo, yaani unga gramu 150. Usikadirie kwa macho, kwa sababu maji ya leo si ya jana: ugali laini na ugali mgumu wa uzito mmoja zinapishana sana kwa unga.

Huna mizani ya jikoni? Gawa kwa siku. Nunua kilo moja ya ndengu (choroko), itenge iwe yako peke yako, uimalize kwa siku kumi. Hizo ni gramu 100 kwa siku bila kupima chochote. Angalizo: gorogoro, lile kopo la kupimia sokoni, hupima ujazo, si uzito. Gorogoro ya unga na gorogoro ya omena (dagaa wa ziwani) hazilingani hata kidogo kwenye mizani, kwa hivyo omena mwambie mama wa sokoni akupimie kwa kilo.

Hatua ya 4. Gawa chakula mara nne au tano. Mfano wa mtu wa kilo 70, vipimo vyote vikiwa vikavu au vibichi. Asubuhi uji wa wimbi wa unga gramu 60 na maziwa robo lita, mayai matatu ya kuchemsha, viazi vitamu gramu 300. Hapo una protini kama 35 na kalori 840. Mchana wali wa mchele gramu 120, ndengu gramu 100, sukuma iliyokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta: protini 32, kalori 900. Kabla ya mazoezi ndizi mbivu mbili. Usiku ugali wa unga gramu 150, omena kavu gramu 50, na osuga (mnavu) au sukuma, kwa protini kama 43. Kabla ya kulala kikombe cha mala (maziwa ya mgando). Jumla inakaribia protini 120 na kalori 2,900. Hakuna poda hapo.

Hatua ya 5. Muda. Mlo mzito uishe saa tatu kabla ya vyuma. Ukiingia jimu saa kumi na mbili jioni, madondo (maharagwe ya kupikwa) yasipite saa tisa. Maharagwe, avokado na vya kukaanga hukaa tumboni muda mrefu, na skwoti (kuchuchumaa na chuma mabegani) zitakukumbusha. Ikibaki saa moja, kula ndizi au viazi vitamu viwili vidogo tu. Ukimaliza mazoezi, kula ndani ya saa mbili. Hakuna haja ya kukimbia na kikombe mkononi.

Hatua ya 6. Maji. Joto la Kisumu linakamua. Jipime kabla na baada ya mazoezi: kila kilo iliyopotea ni jasho, irudishe kwa lita moja hadi moja na nusu, polepole, na chakula chenye chumvi ya kawaida.

Hatua ya 7. Jipime mara tatu kwa wiki, chukua wastani. Ongezeko zuri ni robo hadi nusu kilo kwa wiki. Wiki mbili zikipita bila badiliko, ongeza njugu karanga gramu 50 kwa siku, ni kama kalori 280. Ukizidi nusu kilo kwa wiki, unaongeza mafuta, punguza.

Na poda: kipimo kimoja cha poda ya protini ya maziwa (whey) kina protini kama gramu 24. Mayai manne yana hizo hizo, na omena kavu gramu 45 pia. Inunue kama huna muda wa kupika na pesa ipo. Ni chakula tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kondele Chuma: Kocha, umeandika mengi sana. Niambie tu poda gani nzuri.

Jibu: Iko chini ya hatua ya 7. Soma.

Manyatta Mpole: Mimi nakula sana lakini siongezeki hata kilo moja. Nadhani ni damu ya ukoo wetu, sote ni wembamba.

Jibu: Sana ni gramu ngapi? Andika siku tatu, rudi na namba.

Manyatta Mpole: Nimerudi. Nina kilo 62. Siku ya kawaida ni hivi: asubuhi chai ya maziwa na chapati mbili. Mchana chapati moja na madondo, maharagwe makavu gramu 80 kwa kupima. Usiku ugali wa unga gramu 200 na sukuma. Kwa kweli nilidhani ni nyingi.

Jibu: Asante kwa kupima, sasa tunaweza kusaidiana. Hapo nahesabu kalori kama 2,050 na protini 58. Wewe unahitaji kalori 2,480 na protini 99. Ukoo wako hauna kosa. Tumbo lako linashiba mapema kwa sababu chapati na ugali vinajaza, kwa hivyo usiongeze sahani, kunywa chakula. Acha chapati moja ya asubuhi. Mahali pake weka uji wa wimbi gramu 40, ukiiva koroga maziwa mililita 300 na vijiko viwili vikubwa vya siagi ya njugu, kula na mayai mawili. Usiku ongeza omena kavu gramu 30 kando ya sukuma. Utafika kama 2,500 na protini 100. Jipime wiki mbili, kisha uniambie.

Mzee wa Mamboleo: Ugali ni sumu ya kitambi, kila mtu anajua. Mbona unawaambia vijana wale ugali usiku?

Jibu: Kwa sababu wanainua vyuma na wanga ndio moto wa vyuma. Unga gramu 150 una kalori kama 540, ziwe za saa saba mchana au za saa mbili usiku. Kitambi kinaletwa na jumla ya siku kuzidi kile mwili unachotumia. Ugali wa gramu 400 za unga na soda juu yake utanenepesha, sikatai. Kilichozidi hapo ni kipimo. Ugali wenyewe hauna kosa.

Dada wa Milimani: Kocha, hesabu ya protini kwa wanawake ni hiyo hiyo? Pia kila mwezi kuna wiki naishiwa nguvu kabisa jimu, nikifika seti ya tatu mikono inatetemeka.

Jibu: Hesabu ni hiyo hiyo, dada, kilo mara 1.6. Kuhusu nguvu, angalia madini ya chuma kwenye damu, kwa sababu hedhi hupunguza chuma. Omena, maini, ndengu na mboga za kienyeji zinayo, lakini chuma cha mboga na nafaka hufyonzwa kidogo, na chai hukizuia zaidi. Kwa hivyo chai isinywewe na chakula, iache isogee saa moja kabla au baada. Kamulia ndimu kwenye mboga au kula chungwa baada ya mlo, vitamini C husaidia chuma kupita. Na usisubiri uchovu uzidi, kipimo cha damu ni kifupi na kinapatikana hospitali yoyote ya kaunti. Angalia pia kama wiki hiyo huwa unakula kidogo, wengi hupoteza hamu ya chakula bila kujijua.

Nyalenda Kijana: Nakunywa mayai mabichi kumi kila asubuhi. Iko sawa?

Jibu: Hapana. Yachemshe. Mwili hufyonza karibu nusu tu ya protini ya yai bichi, na unaweza kupata salmonela, bakteria wanaoleta kuhara na kutapika.

Msabato wa Kisii: Kwetu hatuli nyama wala samaki, ila maziwa na mayai ya mara moja moja. Nimepiga hesabu na sifiki 110 hata nikijitahidi. Nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha) inasaidia au ni ya kujaza tumbo tu?

Jibu: Swali zuri sana hili. Nyoyo ni chakula cha maana kuliko watu wanavyodhani. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini (lisini na methionini ni vijenzi vya protini), ya maharagwe ina lisini nyingi lakini methionini kidogo, na mahindi yanajazia hapo. Vikikutana, protini yake inakuwa kamili zaidi. Shida ya nyoyo ya mtaani ni kwamba mahindi ni mengi na maharagwe ya kuhesabu. Wewe pika mahindi gramu 150 kwa maharagwe gramu 100, upate protini kama 35 kwa mlo mmoja. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji, gesi itapungua, kisha yachemke sawasawa, hasa mekundu, kwa sababu yakiwa hayajaiva yana sumu inayoleta kutapika.

Ongeza soya. Unga wake una protini 36 hadi 40 kwa gramu 100, kwa hivyo gramu 40 kwenye uji ni kama protini 15. Lakini soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Ikaange kabla ya kusagisha, au uji uchemke dakika 20 kamili. Ukiona tumbo linajaa upepo kila ukinywa uji huo, huenda soya haijaiva.

Boda wa Kibos: Nina shida ya figo, daktari alisema. Nile protini hiyo?

Jibu: Usifuate hesabu hii. Rudi kwa daktari huyo, muulize gramu zako.

Mpishi wa Jubilee: Mimi omena zangu huwa chungu hata nikizikaanga vizuri. Na bei imepanda ghafla.

Jibu: Uchungu mara nyingi ni mafuta ya samaki yaliyochacha. Chagua omena zinazong'aa kama fedha, acha zilizogeuka manjano au kahawia. Vunja moja: ikikatika kwa mlio imekauka, ikijikunja bado ina unyevu na itaoza. Zilizoanikwa kwenye wavu hazina mchanga kama zilizoanikwa chini. Osha kwa maji moto mara mbili au tatu, ukiacha mchanga utulie chini kila mara, usizimwage na maji yote. Bei hupanda kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ziwani samaki wazaliane. Nunua kilo mbili tatu mwezi Machi, zianike juani saa chache, ufunge kwenye mkebe usioingiza hewa.

Mpishi wa Jubilee: Na njugu nazo nihifadhi hivyo hivyo?

Jibu: Ndiyo, zikiwa kavu kabisa, na chambua kwanza. Tupa zote zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi ya kijani. Ukungu wa njugu na mahindi huleta sumu ya aflatoksini inayoharibu ini, na kuzikaanga hakuiondoi. Anayeuza siagi ya njugu kwa bei ya kutupa, muulize anachambua vipi kabla ya kusaga.