Kitu kiko wapi? Kijerumani cha mezani, ukutani na kabatini

Kiswahili kimetudekeza. Kitabu kipo mezani, picha ipo ukutani, na -ni ileile imemaliza kazi. Ndiyo maana wanafunzi wangu huanza na „Das Bild ist auf der Wand“, na picha inakuwa imekaa juu ya ukuta kama paka.

Hatua ya 1: chagua kihusishi. Vinavyobadilika kati ya dativu na akuzativu (tutaviona hatua ya 2 na ya 4) viko 9 (an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen), ila anza na vitatu. Auf: kitu kimekalia kingine. An: kimegusa ubavuni au kimening'inia, hivyo picha ni an der Wand. In: kimo ndani. Angalia pia „juu“ yetu: kikombe kilichokalia meza ni auf, taa inayoning'inia juu yake bila kuigusa ni über.

Hatua ya 2: ukijibu swali wo? (wapi?), tumia dativu, hali ya nomino inayobadilisha kineno kinachoitangulia (der, die, das). Der na das huwa dem, die huwa der. Wingi huchukua den, na nomino nyingi huongezewa n: in den Schränken (makabatini). In dem hufupishwa im, an dem huwa am. Usikariri Tisch (meza) peke yake, kariri der Tisch.

Hatua ya 3: kitenzi. Ist (iko) si kosa, lakini Wajerumani hupenda kusema kitu kimekaaje. Chupa steht (imesimama), picha hängt (imening'inia), ufunguo uliochomekwa kwenye kitasa steckt. Kitabu kilicholazwa liegt (kimelala). Kikisimamishwa rafuni, steht. Sahani ndiyo iliyonitesa. Ni bapa, ungeapa imelala, kumbe: Der Teller steht auf dem Tisch. Ina kitako, basi imesimama! Uma ulio pembeni yake liegt.

Hatua ya 4: wohin? (kuelekea wapi?) hutaka akuzativu, hali nyingine ya nomino, kama den Tisch hapa. Ich stelle die Flasche auf den Tisch: chupa inahamia mezani. Ikishatua: Die Flasche steht auf dem Tisch.

Usidanganyike kwamba kila mwendo ni akuzativu. Ich laufe im Park: nakimbia, lakini nimo humohumo bustanini. Ich laufe in den Park: nilikuwa nje, naingia. Hapa Kiswahili kinasaidia. Kama ungesema „nakimbia bustanini“, weka dativu, kama ni „nakimbilia bustanini“, weka akuzativu.