SOMO: Kata tunda ulijue (na bibo si tunda, jamani)

Kila msimu wa mabibo hapa Tanga swali ni lile lile: korosho ni mbegu iliyotokeza nje ya tunda? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Tafuta kisu kikali, nyanya, embe, chungwa la Muheza na bibo lenye korosho yake.

2. Hesabu makovu. Mbegu ina kovu moja, pale ilipoachana na tunda. Tunda lina mawili: la kikonyo, na la ncha ya ua upande wa pili. Punje ya hindi inayo yote mawili, maana kila unywele wa hindi una punje yake, na ulipong'oka ndipo kovu la ncha ya ua. Basi punje ni tunda, ganda lake limegandana na mbegu.

3. Kata kwa upana, kama slesi za kitunguu. Hesabu vyumba, yaani nafasi zinazokaa mbegu.

4. Tazama ukuta. Laini mpaka kwenye mbegu, kama nyanya: beri. Tabaka la ndani gumu, kama kokwa la embe: drupu. Chungwa ni aina ya beri. Vile vipande ndivyo vyumba.

5. Bibo. Hapa wengi huungua, nami nimo, kwa hiyo soma polepole. Hili pekee kata kwa urefu, anzia kikonyoni, simamisha kisu upana wa kidole kabla ya kufika kwenye korosho. Utaona nyuzi na maji, mbegu hakuna, kwa sababu hicho ni kikonyo cha ua kilichovimba. Tunda lenyewe ni korosho na ganda lake. Unachotafuna ni mbegu iliyomo. USIPASUE GANDA BICHI. Lina mafuta yanayobabua ngozi mpaka malengelenge. Kisu kilichogusa ganda kisiguse embe. Wala usichome korosho ndani ya nyumba, moshi wake nao unawasha.

MASWALI

– Nimekata nyanya kwa urefu, sioni vyumba.
Hatua ya 3.

– Nyanya ni mboga, msitupotoshe.
Sokoni iite utakavyo. Mimi naongelea ua, si mchuzi.

– Nazi niliyonunua haina makovu mawili, mkuu.
Imeshafuliwa. Tunda ni lile zima na makumbi yake.

– Samahani mkuu, nazi ina macho matatu, mbona mche unatoka mmoja?
Hili ndilo swali! Ovari ya ua la mnazi (ile sehemu inayogeuka tunda) ina vyumba vitatu, kila kimoja na jicho lake. Viwili hufa mapema, kimoja hukua. Kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu, kiko nyuma ya jicho laini. Ukitaka maji toboa hilo. Mengine yatakuvunjia kisu.

– Na mbegu za ndizi zimekwenda wapi?
Ndivyo vile vidoti vyeusi katikati. Migomba ya mwituni ya kusini-mashariki mwa Asia ina mbegu ngumu kama changarawe. Watu waliteua ile inayozaa bila chavua, wakaipanda kwa machipukizi. Kuk, huko Papua Guinea Mpya, kuna ushahidi wa kilimo cha migomba wa miaka takriban 7,000.

– Kumbe! Mkorosho nao wa Asia?
Brazili. Wareno waliuleta pwani hii karne ya 16.

– Nyongeza: ukakasi wa bibo hupungua ukichemsha vipande kidogo kwenye maji ya chumvi, kisha ukayamwaga.
Ahsante dada, hiyo sikuiandika.

– Na doa lake nguoni?
Vaa kanga kuukuu.