Kichanja cha Mmea Utambaao katika Nyumba ya Lamu

Katika nyumba nyingi za mji wa kale wa Lamu, nafasi ya kupanda ni kiwanda, yaani uwanja mdogo wa ndani ya nyumba, kilichozungukwa na kuta za mawe ya matumbawe, kwa hiyo mmea hulazimika kupanda juu ndipo upate jua la kutosha. Kabla ya kununua fito au kamba, tazama kwanza mmea wako hushika kwa kitu gani.

Kiazi kikuu na fiwi hujizonga kwa shina zima: ncha changa huzunguka hewani polepole mpaka iguse kitu, ndiyo maana hutaka nguzo au kamba iliyosimama wima. Mtambuu hutoa mizizi midogo kwenye vifundo na kugandamana. Binafsi singeuruhusu ufike kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kwani siku ya kuubandua utabanduka na chokaa yake. Bogenvilia hujikwamia kwa miiba tu, basi ifunge.

Mpasheni una vikono, yaani nyuzi nyembamba za kushikia. Kikono kikigusa kitu, upande usioguswa hurefuka upesi kuliko ule ulioguswa, kikapinda na kukizunguka. Kisha sehemu iliyobaki hujikunja kama springi, ikauvuta mmea karibu na kuuwezesha kuyumba bila kukatika wakati wa kusi. Kikono chembamba namna hiyo hakiwezi kuikumbatia boriti. Simamisha boriti mbili za mkoko zibebe uzito, na kati yake ufunge fito nyembamba au kamba za makumbi.

Chagua pasheni ya manjano, kwa kuwa ile ya zambarau hupendelea nyanda za juu zenye baridi. Panda mvua za masika zinapoanza, penye samadi na pasipotuama maji, wala usimwagilie maji ya kisima yenye chumvi. Acha shina moja lipande hadi juu ya kichanja, kisha likate ncha ili litoe matawi ya pembeni. Matunda hutokea kwenye machipukizi mapya, hivyo pogoa baada ya mavuno.

Panda miche miwili iliyotokana na mbegu, si mmoja, maana kwa kawaida ua la pasheni ya manjano halishiki tunda kwa chavua ya mmea wake wenyewe. Wachavushaji hodari ni wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao. Wakiadimika, subiri maua yafunguke adhuhuri, chukua chavua kwa brashi laini, na uipake kwenye ua la mche wa pili kabla halijajifunga usiku.