Kosa halianzii kwenye jedwali: kukokotoa urithi wa jeni fichi

Wanafunzi wangu wengi huchora jedwali la Punnett, yaani vyumba vinavyoonyesha jeni ambazo mtoto anaweza kupata kwa wazazi, vizuri kabisa, kisha wakakosa jibu. Huwa wamekosea mapema, walipokisia jeni za wazazi. Tuanzie huko.

Hatua ya 1: Andika alama. Kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya mama na moja ya baba. Jeni tawala iwe A, jeni fichi iwe a. Tawala maana yake nakala moja yatosha kujionyesha, basi; fichi hujionyesha pale tu nakala zote mbili zikiwa fichi. Haimaanishi sifa iliyoenea zaidi: kundi la damu O ni sifa fichi, na ndilo lenye watu wengi zaidi duniani.

Hatua ya 2: Anza na mwenye sifa fichi. Huyu hana cha kuficha, lazima awe aa. Mwenye sifa tawala anaweza kuwa AA au Aa, na kwa macho humtambui. Chukua ualbino unaogusa ngozi, nywele na macho, ambao ni sifa fichi. Mtoto anao, wazazi hawana. Mtoto ni aa, na kila mzazi amempa a moja. Kwa hiyo wazazi wote wawili ni Aa, yaani wabebaji. Hapa husimama kidogo darasani, maana mara nyingi lawama humwangukia mama peke yake. Baba amechangia sawasawa naye.

Hatua ya 3: Chora jedwali. A na a za baba juu, A na a za mama ubavuni. Vyumba vinne: AA, Aa, Aa, aa. Uwezekano wa ualbino ni 1/4 katika kila mimba. Kumpata mmoja hakuwakingi watatu wanaofuata.

Hatua ya 4: Futa kisichowezekana. Dada wa mtoto huyo hana ualbino. Je, uwezekano wa yeye kuwa mbebaji ni upi? Wengi hujibu 1/2. Lakini tunajua si aa, kwa hiyo futa chumba hicho. Vimebaki vitatu, na viwili ni Aa: jibu ni 2/3. Akizaa na mwanamume ambaye kwa hakika ni mbebaji, uwezekano wa mtoto wao kuwa na ualbino ni 2/3 × 1/4 = 1/6.

Kwa mazoezi, usitumie kukunja ulimi; sifa hiyo haitawaliwi na jeni moja. Tumia njegere za Gregor Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, alizochapisha hesabu yake mwaka 1866: 5,474 za mviringo, 1,850 zilizokunjamana. Gawanya, kisha rudi kwenye vyumba vinne ueleze kwa nini umepata karibu 3.