Kuchangisha fedha za kuwapeleka watoto wa Nyanda za Juu Kusini kwenye mikutano ya ngoma ya kimataifa

Kikundi cha ngoma cha watoto kinapopata mwaliko wa nje ya nchi, jambo linalofanywa kwanza mara nyingi ni kusambaza barua za kuomba msaada wa safari. Ninashauri barua hizo zingoje. Mchangiaji, awe mfanyabiashara wa Mwanjelwa au mkulima wa parachichi wa Njombe, humwamini zaidi mtu anayemwonesha kwamba watoto wana vyeti, walezi wameridhia na kila gharama inajulikana, kuliko anayemjia na bango na picha za kusikitisha.

Anzeni kwa kuchagua mkutano unaolingana na muda mlionao. Jumuiya ya kimataifa ya ngoma na mtoto, inayojulikana kama daCi, ilianzishwa mwaka 1978, na kwa kawaida hukutanisha watoto wachezaji, walimu na watafiti kila baada ya miaka mitatu. Ilikutana Taipei mwaka 2012, Copenhagen mwaka 2015 na Adelaide mwaka 2018. Miaka mitatu si kucheleweshwa, kwa sababu ndani yake mna angalau misimu miwili ya mavuno ya kuchangisha. Kikundi ambacho hakijawahi kuvuka mpaka kinafaa kutazama karibu kwanza: Malawi kupitia Kasumulu, Zambia kupitia Tunduma, au JAMAFEST, tamasha la Jumuiya ya Afrika Mashariki ambalo mwaka 2019 lilifanyika Dar es Salaam. Watoto wanaocheza lizombe au ling'oma mbele ya wageni wa nchi jirani wanajifunza mengi, na kamati inajifunza kusafiri na watoto kwa gharama ndogo.

Nyaraka ndizo zinazochukua muda mrefu, na kwa watoto wanaoishi katika mazingira magumu ndizo zinazokwamisha safari hata pale fedha zinapokuwepo. Mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kufikiwa, mwaka 2013, na mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili bila malipo watoto wa chini ya miaka mitano, kwa hiyo huenda baadhi ya watoto wenu wana vyeti vya kuzaliwa vilivyohifadhiwa na bibi au shangazi bila ninyi kujua. Ulizeni kabla ya kuanza upya. Mtoto anayelelewa na ndugu bila hati yoyote ya ulezi apelekwe mapema kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa kuwa Uhamiaji watataka ridhaa ya mzazi au mlezi anayetambulika. Muoneni pia afisa utamaduni wa wilaya, ambaye atawaelekeza kuhusu usajili wa kikundi na kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, cha kwenda kuonesha sanaa nje ya nchi.

Hapo ndipo bajeti iandikwe, na iandikwe kwa vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kuvibeba. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Kwa watoto 12 ni shilingi 1,800,000. Kiasi hicho kwa ujumla wake kinamtisha mwenye duka, lakini pasipoti ya mtoto mmoja anaweza kuilipia yote na kujua amefanya nini. Vivyo hivyo kwa bima, sare za ngoma, nauli ya basi hadi Dar es Salaam, ambako ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na malazi ya usiku wa kusubiri ndege. Tiketi za ndege ziombewe kwa kampuni au taasisi kubwa, nanyi muulize nauli ya kundi, ambayo mashirika mengi ya ndege huitoa kwa abiria kuanzia 10.

Kwa safari za nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kuna nafuu ambayo vikundi vingi haviiombi. Ada ya visa ni yuro 90 kwa mwenye umri wa miaka 12 na zaidi, lakini kanuni zao zinawasamehe ada wawakilishi wa mashirika yasiyo ya faida wenye umri usiozidi miaka 25 wanaokwenda kwenye shughuli ya kitamaduni au kielimu iliyoandaliwa na shirika lisilo la faida. Waombeni waandaaji waandike hivyo waziwazi kwenye barua ya mwaliko. Bima ya safari inayotakiwa ni ya angalau yuro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari.

Fedha za hapa nyumbani zina msimu wake. Januari ni mwezi wa sare na madaftari, na anayepitisha kadi za mchango wakati huo anawabana watu bure. Kuanzia Juni hadi Agosti, mpunga wa Kyela na Mbarali ukiwa umevunwa na kahawa ya Mbozi ikiuzwa, mikono hulegea. Waombeni viongozi wa dini nafasi ya mnada baada ya ibada: mikungu ya ndizi, kuku, debe la viazi, vyote vinanadiwa, na watoto wacheze kwa dakika chache kabla mnada haujaanza. Mwanzoni mwa Agosti ombeni nafasi ya kutumbuiza katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya wakati wa maonesho ya wakulima ya Nanenane, kwa sababu kampuni za mbegu, benki na mitandao ya simu huwa pale na wenye maamuzi wao. Ahadi ziandikwe palepale kwa jina na tarehe ya kulipa, na mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya kukumbusha kwa upole.

Michango isipokelewe kwenye simu ya mwalimu. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mzazi, na kila mwisho wa mwezi tumeni mapato na matumizi kwenye kundi la WhatsApp la wachangiaji, hata mwezi ambao hamna kilichoingia.

Kuhusu picha nina msimamo mkali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na sioni maslahi yoyote katika kumpiga picha akiwa amevaa matambara mbele ya nyumba yao ili watu watoe fedha. Mwonesheni akicheza. Habari za yatima na za magonjwa ya familia zibaki kwa afisa ustawi na mlezi. Mchangiaji anahitaji kujua mtoto anacheza nini, anakwenda wapi na nani atakuwa naye, akiwemo mlezi wa kike kwa ajili ya wasichana.

Mwisho, ada ya visa hairudishwi hata visa ikikataliwa, na kukataliwa hutokea. Kwa hiyo kadi ya mchango iseme tangu siku ya kwanza fedha zitakazobaki zitakwenda wapi safari isipofanyika: zirudishwe kwa waliotoa kiasi kikubwa, au zitunzwe kwa ajili ya tamasha la nchi jirani ndani ya mwaka huohuo, na mchangiaji aweke saini kukubali.